Mlolongo na Mimbari

Kupiga kura kwa mlolongo hakukuhitaji karatasi, sanduku wala kalamu. Wakala wa kila mgombea alisimama uwanjani ameinua picha ya mtu wake, wapiga kura wakajipanga nyuma yake, kisha msimamizi akapita akihesabu vichwa. Akimaliza anatangaza, na watu wanatawanyika. Hapo ndipo palipokuwa na ujanja. Sanduku la kura likibishaniwa hufunguliwa na kura zikahesabiwa upya, lakini foleni ikishavunjika haihesabiki tena. Hakuna hakimu anayeweza kuamuru watu elfu mbili warudi uwanjani wasimame kama walivyosimama asubuhi. Msimamizi akisema foleni fupi ndiyo ndefu, neno lake ndilo kumbukumbu pekee iliyobaki.

KANU ilipitisha utaratibu huo Agosti 1986, utumike katika kura za mchujo za chama. Kwa maandishi, mchujo ulikuwa hatua ya kwanza tu, na kura ya siri ingefuata. Lakini tangu 1982 kifungu cha 2A cha katiba ya Kenya kilikuwa kimeifanya KANU chama pekee halali, na kanuni mpya ikasema mgombea akipata asilimia 70 katika mlolongo amepita bila kupingwa. Kwa hiyo katika maeneo mengi foleni ndiyo iliyokuwa uchaguzi wenyewe.

Wanasiasa waliothubutu kulalamika walikuwa wachache, kwa sababu iliyojulikana na kila mtu: anayelalamika anafukuzwa chamani, na anayefukuzwa chamani amekwisha. Sauti ya kwanza yenye uzito ilitoka kwenye mkutano wa wachungaji wapatao 1,200 wa makanisa ya NCCK, yaani Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, uliofanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwezi huohuo wa Agosti.

Hoja yao ya kwanza ilihusu kazi yao. Mchungaji wa kijijini ana waumini wanaowaunga mkono wagombea wote wanne. Leo asimame hadharani nyuma ya picha ya mmoja, halafu Jumapili awaite wote kwenye Meza ya Bwana? Mzee wa kanisa ambaye ndugu yake ameshindwa kwa watu kumi atampokea vipi mchungaji huyo akija kuongoza mazishi nyumbani kwake? Ni swali la mtu anayewajua watu wake kwa majina, wala halikuhitaji nadharia yoyote ya siasa.

Serikali ilielewa nusu ya hoja hiyo. Ikasema basi, viongozi wa dini wasipange foleni, pamoja na maofisa wakuu wa serikali na wanajeshi. Nadhani aliyebuni nafuu hiyo alilala usingizi akiamini kesi imekwisha. Makanisa yaliyokuwa mstari wa mbele yakaendelea kupinga, kwa kuwa yule mwalimu, yule mwenye kioski, na yule mjane anayelima shamba la kukodi bado wangesimama mahali wanapoonekana na chifu, na mwenye shamba, na anayewadai. Mchungaji hawezi kujitua mzigo akauacha kichwani mwa waumini wake. Katika hatua hiyo fupi, kutoka kujitetea wenyewe hadi kuwatetea wasio na kanzu, jambo la kichungaji lilikuwa limeshageuka kuwa la haki za raia, na sidhani kama wengi wao walitambua siku hiyo wamevuka mpaka gani.

Hawakuvuka wote. African Inland Church, kanisa alikosali Rais Daniel arap Moi, lilijitoa NCCK mwaka huohuo.

Watu wa chama walipenda kusema kwamba maaskofu wakaidi wametumwa na mabwana wa kigeni. Ukifuata nyayo zao hufiki mbali hivyo. Unafika kwanza kwenye Uamsho, ile harakati ya kiroho iliyotoka Rwanda miaka ya 1930, ikapita Uganda, ikaingia Kenya, ikawafanya watu wakiri dhambi zao mbele ya wenzao na kuitana ndugu bila kujali kabila. Wakati wa vita vya Mau Mau wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo, na wapo waliouawa kwa kukataa. Wengi walikataa pia kushika bunduki ya mkoloni. Ukiwatazama kwa macho ya mpigania uhuru utawaona wasaliti, na kuna waliowaona hivyo hadi walipoingia kaburini. Siwezi kuwalaumu moja kwa moja waliofikiri hivyo. Lakini tabia ile ya kusema hapana mbele ya panga haikupotea vita vilipokwisha.

Ilijitokeza tena 1969. Waziri Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya Nairobi tarehe 5 Julai, nchi ikatetemeka, na miezi iliyofuata malori yakaanza kubeba Wagikuyu usiku kuelekea Gatundu kuapa kwamba urais hautatoka katika nyumba ya Mumbi, yaani kabila lao. Waliokataa walipigwa, na kiongozi mmoja wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri, alikufa kutokana na kipigo. Makanisa yakapinga hadharani. Enzi hizo yalikuwa na magazeti yao mawili, Target la Kiingereza na Lengo la Kiswahili, na katika chumba chake cha habari alikuwapo kasisi wa Kianglikana kutoka Asembo aliyeitwa Henry Okullu, mtu aliyefanya kazi ya uandishi Uganda kabla ya kurudi nyumbani, na ambaye baadaye angekuwa askofu wa Maseno Kusini kwa miaka ishirini.

Watu hawa, basi, walikuwa wameshazoea kumkatalia jirani, mjomba na mzee wa ukoo kabla hawajamkatalia mkuu wa wilaya, yaani D.C. Kumkatalia D.C. hakukuwa kugumu kama inavyodhaniwa: D.C. alihamishwa baada ya miaka michache, mjomba hakwenda popote.

Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, ambaye Kenya nzima ilimwita JM, alitoweka akiwa Nairobi. Mwili wake ulipatikana Ngong ukiwa na majeraha ya risasi. Katika siku zile za hofu, David Gitari, katibu mkuu wa Chama cha Biblia, alikuwa na zamu ya mahubiri mafupi ya asubuhi katika redio ya Sauti ya Kenya. Angeweza kuzungumza juu ya shukrani au juu ya subira, na asingelaumiwa na mtu. Alichukua kisa cha Kaini na Habili. Akauliza lile swali ambalo Mungu alimuuliza Kaini kuhusu nduguye, akaliacha hewani, na kila aliyekuwa akinywa chai mbele ya redio alijua anaulizwa nani. Wakubwa wa redio walimwita ajieleze. Wangemshtaki kwa lipi? Kitabu cha Mwanzo kilikuwa kinauzwa madukani.

Miezi michache baadaye Gitari aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki, makao yake Embu. Alizaliwa Ngiriambu, Kirinyaga, mwaka 1937, mtoto wa mwinjilisti, na alikulia katika Ukristo wa kiinjili ambao watu wengi huuona kuwa wa kuimba, kuombea wagonjwa na kungojea mbinguni. Yeye aliuchukulia kwa uzito kuliko waliouhubiri kwa sauti kubwa. Kama kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi anayemnyang'anya maskini shamba anamgusa Mungu mwenyewe, na askofu asiyesema amekula mshahara wa bure.

Namna yake ya kuhubiri inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyoisumbua serikali. Alichukua sura nzima akaifuata mstari kwa mstari kama darasa la Biblia. Tarehe 21 Juni 1987 alihubiri Nyeri, katika kanisa la Mtakatifu Petro, na sura yake ilikuwa ya sita ya Danieli. Kila aliyepitia shule ya Jumapili anaijua hadi kwenye simba. Gitari alikawia kwa Dario na maofisa wake kabla ya kufika kwa simba. Hawa ni watu waliomwonea wivu mwenzao mchapakazi, wakamchunguza wasimpate na hatia, wakaamua kutunga sheria ambayo lazima ataivunja. Wanakwenda kwa mfalme na sifa midomoni. Wanamwambia kwamba wakuu wote wamekubaliana, na huo ni uongo, kwa kuwa Danieli alikuwa mmoja wa wakuu hao na hakuulizwa. Mfalme, ambaye sifa zimemwingia kichwani, anatia sahihi bila kuuliza. Jioni anagundua amemhukumu mtumishi wake mwaminifu kuliko wote, na sheria aliyoitia sahihi mwenyewe imemfunga mikono.

Kutoka hapo hadi Nairobi palikuwa na hatua moja. Mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limeibadilisha katiba na kuondoa ulinzi wa kazi wa Mwanasheria Mkuu na wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ili Rais aweze kuwaondoa atakavyo. Askofu aliwauliza Wakenya kama mabadiliko makubwa namna hiyo yanafaa kupitishwa haraka haraka, bila umma kupewa nafasi ya kuyajadili.

Waliokasirika ndio waliojitaja. Viongozi wa KANU walimshambulia mikutanoni, magazeti yakajaa majibu na majibu ya majibu, na kwa wiki kadhaa nchi yenye chama kimoja ikawa na mjadala mkali juu ya mfalme wa Wamedi na Waajemi. Watetezi wa serikali nao walikuwa na sura yao waliyoipenda, Warumi 13, ile inayowataka watu watii mamlaka. Gitari hakuikwepa; aliisoma pia, akaonyesha kwamba mtawala anaitwa humo mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na mtumishi ana bwana wa kumjibu. Mahubiri yake yalitolewa kama kitabu mwaka uliofuata.

Katika Kenya ya wakati ule mwanasiasa aliweza kuwekwa kizuizini bila kesi. Mhadhiri aliweza kushikwa na kijitabu kinachoitwa cha uchochezi akajikuta kwenye vyumba vya mateso vya Nyayo House, miguu ikiwa majini. Gazeti lilipigwa marufuku kwa tangazo la mistari mitatu. Jarida la NCCK lenyewe, Beyond, lilipigwa marufuku Machi 1988 baada ya kuchapisha toleo zima kuhusu wizi wa kura katika mlolongo wa Februari, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo kwa kosa la kutowasilisha hesabu za mauzo! Lakini ibada ya Jumapili haikuhitaji leseni ya mkutano. Spika zilikuwapo, watu walikuwapo, na somo la siku lilikuwa limechapishwa katika kalenda ya kanisa kabla ya mtu yeyote kujua ni nani ataiba kura wapi.

Simba walikuja kwa Gitari usiku wa tarehe 21 Aprili 1989. Alikuwa amelaani waziwazi udanganyifu wa uchaguzi wilayani kwake. Majambazi walivamia nyumba yake Kirinyaga baada ya saa sita za usiku na kuanza kuvunja milango. Askofu alipanda darini, akatokea juu ya paa, akapiga mayowe. Majirani waliamka, wakaja mbio, na wavamizi wakatimua. Alipona kwa sababu kijiji kilimsikia, na kijiji kilikuja kwa sababu kilimjua.

Ni vizuri kusema hapa kwamba imani haikuwa upande mmoja tu. Kila Jumapili taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais akihudhuria ibada, kwaya ikiimba, mhubiri akimshukuru Mungu kwa kiongozi mcha Mungu. Moi alikuwa mtu wa Biblia kweli. Sioni sababu ya kudai alikuwa anaigiza. Wapo wachungaji waliosema kutoka mimbarini kwamba Kenya ina amani kwa sababu Rais wake anaomba, na walikuwa na waumini wengi. Anayeandika habari za miaka ile kana kwamba kanisa lilisimama kama mtu mmoja dhidi ya dola anawatungia maaskofu jeshi ambalo hawakuwa nalo. Walikuwa wanne, watano, na kila mmoja alikuwa na tabia yake.

Mgumu kuliko wote kuelezeka ni Alexander Kipsang Muge, askofu wa Eldoret tangu 1983. Kabla ya kuvaa kola alikuwa askari wa GSU, kikosi kilekile kilichopelekwa kuwapiga wanafunzi wakiandamana. Alikuwa Mnandi, Mkalenjini kama Rais, na hilo ndilo lililomfanya awe hatari. Okullu akisema, iliwezekana kusema ni chuki ya Wajaluo. Gitari akisema, ni Wagikuyu wanaoutaka urais urudi kwao. Muge akisema juu ya mashamba yaliyonyakuliwa Bonde la Ufa, au juu ya watu wanaokufa njaa Pokot ilhali wakubwa wanakana kwamba kuna njaa, ilibidi kutafuta jibu lingine. Aliwahi kuuliza vipi alaani ubaguzi wa rangi Afrika Kusini kama haruhusiwi kulaani haki zinazovunjwa nyumbani kwake.

Hakuwa rahisi kwa rafiki zake pia. Aliiondoa dayosisi yake NCCK, aligombana na maaskofu wenzake, na mwaka 1990 aliwatuhumu baadhi yao hadharani kwamba wamehongwa mashamba. Ni mtu ambaye ungependa awe upande wako, kisha ukae mbali naye kidogo.

Agosti 1990 waziri wa kazi, Peter Okondo, alitangaza kwamba Okullu na Muge wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Muge alikwenda. Kwa maelezo yake, Busia ilikuwa Kenya, na yeye alikuwa na waumini wa kuwahubiria. Tarehe 14 Agosti aliongoza ibada, akakutana na watu, akaanza safari ya kurudi Eldoret. Karibu na Kipkaren gari lake liligongana na lori la maziwa, akafa papo hapo. Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori alifungwa. Wakristo wa Kianglikana Afrika Mashariki walikuwa wameshawahi kuambiwa juu ya ajali ya gari: Februari 1977 serikali ya Idi Amin ilisema hivyohivyo kuhusu Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, na mwili wake ulikuwa na matundu ya risasi. Kwa hiyo ukweli wowote uliotokea barabarani siku ile, watu wengi Kenya hawakuamini neno la serikali, na hawaliamini hadi leo.

Mwaka huo wa 1990 ulikuwa umeanza na mahubiri. Siku ya mwaka mpya Timothy Njoya, mchungaji wa PCEA ambaye kanisa lake lilikuwa limeshamhamisha Nairobi hadi Tumutumu ili apoe, alihubiri katika kanisa la St. Andrew's. Wiki moja nyuma mtawala wa Romania, Nicolae Ceaușescu, alikuwa amepigwa risasi pamoja na mkewe. Njoya akauliza serikali za chama kimoja barani Afrika zitachukua muda gani kabla ya kufuata njia ya zile za Ulaya Mashariki. Mawaziri walimwita mwendawazimu. Aprili, Okullu akataka kifungu cha 2A kifutwe na urais uwekewe ukomo wa vipindi viwili. Mei, wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia wakaita waandishi wa habari na kusema hayohayo, na hadi Saba Saba, tarehe 7 Julai, walikuwa kizuizini, polisi wakipambana na vijana Kamukunji. Mlolongo ulifutwa mwishoni mwa mwaka. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, wiki chache baada ya wafadhili kukutana Paris na kufunga mfuko wa misaada. Sitajaribu kugawa sifa kati ya wahubiri na wafadhili. Wafadhili walikuja saa kumi na moja. Watu wa shamba la mizabibu katika Injili wanajua habari hiyo.

Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, lakini wafungwa wa kisiasa walikuwa bado ndani. Tarehe 28 Februari 1992 mama zao, wengi wao vikongwe kutoka mashambani, walikwenda kuketi Uhuru Park, kwenye pembe iitwayo Freedom Corner, wakaanza kugoma kula. Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao, alikuwapo. Mwanaharakati Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Walisema hawataondoka hadi wana wao 52 waachiliwe. Watu wakaanza kumiminika, wengine kuimba na kuomba, wengine kusimulia kwa mara ya kwanza hadharani jinsi walivyoteswa.

Tarehe 3 Machi polisi walikuja na vitoa machozi na rungu. Maathai alipigwa hadi akazirai. Na hapo mama kadhaa wakavua nguo. Walisimama uchi mbele ya askari wa umri wa wajukuu wao, wakawaita wanangu. Katika jamii nyingi za Kenya hakuna laana nzito kuliko hiyo: mwanamke aliyekuzaa, au angeweza kukuzaa, anakuonyesha mahali ulipotokea na kukuuliza kama unajua unampiga nani. Askari waligeuza nyuso. Wahubiri wanapoisimulia habari hii huipitia haraka, kwa aibu, kana kwamba imani halali ni ile yenye kitabu peke yake. Mama hawa walikuwa wa kanisa, wengi wao, na rozari na nyimbo zao walikuwa nazo. Walipofikwa na rungu waliongeza na silaha ya bibi zao.

Bustani ikazingirwa. Mama wakavuka hadi jirani, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, na Provosti Peter Njenga akawafungulia chumba kilicho chini ya kanisa. Ilidhaniwa wangekaa siku chache. Walikaa karibu mwaka. Fikiria mambo ya kila siku: wazee wanaolala sakafuni, vyoo, chakula baada ya mgomo, baridi ya Julai ya Nairobi, makachero wanaojifanya waumini, harusi za Jumamosi zinazofungwa juu ya vichwa vyao. Serikali ilitaka watolewe. Kanisa hilo lilikuwa la watu wenye nafasi zao, na si wote waliofurahia harufu ya sufuria ukumbini. Njenga hakuwatoa. Hakuna hotuba yake inayokumbukwa sana. Kinachokumbukwa ni mlango. Mapema 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakipiganiwa walikuwa nje.

Pwani nako, mwaka huohuo wa 1992, Sheikh Khalid Balala alikuwa anawahubiria maelfu Mwembe Tayari, Mombasa. Vijana wa Kiislamu walikuwa wamechoka kuulizwa vyeti vya babu zao kila walipoomba kitambulisho au pasipoti, na walianzisha chama, Islamic Party of Kenya, ambacho serikali ilikataa kukisajili kwa hoja kwamba ni cha dini. Balala alifungwa, na baadaye, alipokuwa Ujerumani, serikali ikakataa kwamba yeye ni Mkenya. Mkenya wa bara aliyekuwa akimshangilia Gitari hakuona mara moja kwamba shekhe huyu mwenye maneno makali alikuwa anauliza swali lilelile la Kaini kwa lahaja nyingine. Na katika Bonde la Ufa, ambako nyumba zilichomwa na watu kufukuzwa mashambani kuanzia mwisho wa 1991, askofu Mkatoliki wa Nakuru, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliwapokea waliokimbia katika viwanja vya parokia na kusema wazi kwamba mapigano yale yalipangwa. Padri John Kaiser, Mmarekani aliyeishi na wakimbizi wa Maela, alikwenda mwaka 1999 mbele ya tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza mapigano hayo, akataja majina ya wakubwa. Agosti 2000 mwili wake uliokotwa kando ya barabara karibu na Naivasha, kichwa kimepigwa risasi. Wapelelezi wa Marekani walisema alijiua. Mwaka 2007 mahakama ya Kenya iliamua aliuawa.

Saba Saba ya 1997 polisi waliwafukuza waandamanaji hadi ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakarusha vitoa machozi kati ya viti na kuwapiga waliokuwa wakisali. Njoya alikuwa miongoni mwa waliopigwa. Gitari, ambaye sasa alikuwa askofu mkuu, aliongoza ibada ya kulitakasa jengo, na hata watu wasiokanyaga kanisani walikuja. Miaka miwili baadaye Njoya aliangushwa tena, safari hii nje ya Bunge mbele ya kamera, akiwa amelala chini huku rungu likimshukia. Madai yalikuwa yaleyale: katiba mpya iandikwe na wananchi.

Desemba 1999 Waprotestanti, Wakatoliki, Waislamu na Wahindu walikutana Ufungamano House, wakaamua kwamba Bunge likikataa kuwasikiliza watu, wao watakwenda kuwasikiliza. Wakaunda tume yao ya katiba, na mwaka 2001 serikali ikalazimika kuiunganisha na ile yake iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai. Kwa muda mfupi ilionekana kama watu wa dini wamepata lugha moja.

Haikudumu. Rasimu za katiba zilipoanza kutoka, mahakama za Kadhi zikawa mfupa wa ugomvi. Waislamu waliona ni ahadi ya tangu uhuru. Viongozi wengi wa Kikristo wakaona dini moja inapendelewa. Likaongezeka suala la utoaji mimba. Kupinga dhuluma kulikuwa kumewaunganisha. Kukubaliana sheria iseme nini kuliwatawanya, na sioni ajabu sana, kwa kuwa Danieli anafundisha vizuri jinsi ya kuikataa amri mbaya lakini hana sura kuhusu mahakama za mirathi za dini ya jirani. Katika kura ya maoni ya mwaka 2010, NCCK na maaskofu Wakatoliki waliwaambia waumini wapige Hapana, dhidi ya katiba ambayo wenzao walipigwa na kuzikwa wakiidai. Njoya, aliyekuwa amestaafu, alikuwa upande wa Ndiyo, pamoja na Waislamu wengi. Tarehe 4 Agosti, siku ya Jumatano, Ndiyo ilipata karibu asilimia 67 katika nchi ambayo watu wanane kati ya kumi ni Wakristo, na wengi wa hao walikuwa wamesikia Hapana kanisani Jumapili iliyotangulia.